Pumzi Niliyompulizia Pacha Wangu

Pacha wangu alizaliwa dakika chache kabla yangu, na kwa dakika hizo alinitawala maisha yote. "Mdogo wangu, lete maji." "Mdogo wangu, sogea." Nami nilisogea, mjinga mimi.

Alifanya kazi karashani, wanakosaga mawe ya dhahabu, hapa Geita. Alirudi mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Kifua kikaanza kumbana, akipumua kinapiga filimbi. Mwenye karasha akamwambia asirudi kazini bila karatasi ya daktari.

Nikamsindikiza hospitali. Kipimo hakikuwa na sindano wala picha. Unapuliza kwenye mrija, mashine inasoma kwenye pumzi kama njia za hewa zina uvimbe.

"Puliza polepole bila kukatisha, kama unapoza uji wa mtoto," muuguzi alimwambia.

Alijaribu mara tatu, kikohozi kikamkatisha. Akaambiwa akapumzike nje, ataitwa tena.

Nje akavua shati lake, akanipa. "Nenda wewe, mdogo wangu. Wewe una pumzi."

"Na wakinijua?"

"Nduhu mhayo," akasema, hakuna neno. Shuleni tulibadilishana hivyo hivyo siku za mbio.

Tulidhani ni mtihani wa nguvu. Nikavaa shati, nikaitikia jina lake, nikapuliza. Muuguzi akanisifu, nami nikatoka kichwa kimevimba. Karatasi ilisema hana uvimbe. Tulicheka njia nzima.

Wiki ya tatu tangu arudi karashani, kifua kilimbana akiwa kazini, nikaitwa. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikamshika kwa nyuma, nikasikia ile filimbi mgongoni mwake ikipungua. Tulipofika lami, filimbi ilikuwa imenyamaza. Nilidhani amepata nafuu.

Daktari alisoma faili lake mara mbili. "Sielewi. Kipimo kingeonyesha uvimbe, tungemwanzishia dawa ya kuvuta. Ni dawa ya kawaida tu, wengi wanaishi nayo."

Nikamwambia nani alipuliza. Alifunga faili, hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Mama hajui. Karatasi ile aliikuta kwenye shati la marehemu, akaiweka ndani ya Biblia. Wageni wakija kutoa pole anaifungua. "Mwanangu alikuwa mzima," anawaambia. "Someni wenyewe, mapafu yake yalikuwa safi."

Halafu ananigeukia mimi, niwasomee.