Jirani alimwazima mama dawa ya presha, na bado namshukuru jirani huyo

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita, kuandika si kazi yangu. Lakini hili limenikaa kifuani, na nitalisema lilivyokuwa, bila kutia chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu. Mama ni mzima, kwa hiyo msisome na roho mkononi.

Kwetu ni Kipungani, kisiwani Lamu. Mimi niko Mokowe, nauza simiti na mabati kwenye duka la mtu, na nyumbani narudi wikendi.

Mama ana pumu tangu usichana. Baadaye ikaja presha, halafu sukari ikaja kumalizia.

Kila ugonjwa ulikuwa na siku yake ya kliniki, na kila siku ni boti ya kwenda mjini na goti linalouma. Tungeweza kuomba siku ziunganishwe, ila hatukujua, na hatukuuliza. Basi mama akawa anachagua. Mwezi mmoja alikuwa anasuka mikeka ya harusi ya watu, akairuka kliniki ya presha, na vidonge vikaisha.

Sasa kwetu chumvi ikiisha unabisha kwa jirani. Nazi, kiberiti, mbuzi ya kukunia, vyote vinaazimwa. Kumbe na dawa pia.

Bi Esha, wa nyumba ya pili, naye ana presha, na moyo wake humwenda mbio. Jumamosi asubuhi akamkatia mama vidonge viwili vyake. Presha ni presha, si ndio? Mimi nilikuwa uani natengeneza mfereji, sikuona kitu.

Kabla ya adhuhuri mama akaanza kubanwa. Akavuta pampu yake ya pumu, akavuta tena. Siku zote hutulia. Siku hiyo wapi. Alikaa ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kila neno linammalizia pumzi.

Nikampigia Sista Mwende, nesi anayezunguka nyumba za wazee. Ni mtu wa bara. Na sisi tuna ulimi kwa watu wa bara, tusidanganyane. Alipokuja mara ya kwanza tulisema huyu hamalizi mwezi. Leo akipita, wazee wanagombania kumkaribisha chai, tena isiyo na sukari, kwa amri yake mwenyewe.

Alifika akihema. Akaomba chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako, akachomeka pampu hapo na kumwambia mama avutie mdomoni mwa chupa, polepole. Mama akapata nafuu kidogo, lakini bado.

"Mama, leo kuna dawa umemeza ambayo si yako?"

Mama akatikisa kichwa. "Zangu tu."

Na mimi nikadakia, kifua mbele: "Mamangu hamezi dawa za watu, Sista."

Nyumba ilishajaa majirani. Ni lazima mwelewe watu wa kwetu: kumtaja Bi Esha mbele ya kadamnasi ile ni kumfedhehi. Mama alikuwa radhi akate roho kuliko kumvunjia jirani yake sitara.

Sista hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi sitaki jina la mtu. Hakuna mwenye makosa hapa. Nataka kujua dawa tu, ndio hospitali wajue watamtibu vipi."

Halafu nikasikia sauti mlangoni. Bi Esha alikuwa amesimama pale, ukili wa mkeka bado mkononi.

"Ndimi nlompa. Dawa yangu ya presha, viwili, asubuhi."

Sista akamwambia, "Asante sana, mama. Niletee niione." Hakumkaripia hata kidogo. Akasoma karatasi ya dawa, akatueleza kwamba kwa Bi Esha dawa ile ni sawa kabisa, kwa sababu inatuliza moyo. Lakini mwenye pumu inaweza kumfunga njia ya hewa, na hata pampu ikashindwa kuifungua vizuri.

Tulipokuwa tunampakia mama kwenye boti, Sista alikuwa kwenye simu na hospitali, akiwatajia dawa ile kwa jina. Tulipofika walikuwa wanatungoja. Daktari aliniambia baadaye kwamba kulijua lile jina mapema kulibadilisha matibabu yote.

Ila mimi ni mwepesi wa hasira. Mama alipopata nafuu nikaanza kupanga maneno ya kwenda kumwambia Bi Esha. Na kijijini watu walishaanza kunong'ona.

Mama aliporudi, nyumba ikajaa wageni. Bi Esha hakuonekana. Mama akasukuma sahani kando, akaniambia: "Nenda kamwite. Mwambie sili mpaka aye."

Nikaenda, na yale maneno yangu nikayameza. Bi Esha alikuja kichwa chini. Mama akamshika mkono, akamkalisha ubavuni pake, na akasema wote wasikie:

"Esha, mimi nalikusitiri, nikataka kufa. Wewe ulikubali kufedheheka, nikapona."

Wakalia wote wawili. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Siku hizi Sista amewaombea kliniki zote siku moja, na mama na Bi Esha wanapanda boti pamoja. Siku moja pia aliwakusanya akina mama, kila mmoja akamwaga dawa zake mkekani. Zote zinaitwa za presha, na hazifanani. Walicheka, kisha kila mmoja akaanza kuokota zake.

Nilichojifunza, wakuu: wazee wetu hawadanganyi kwa ubaya, wanasitiriana. Ukiwauliza kwa ukali watazidi kuficha. Uliza kama alivyouliza Sista, ili anayesema ukweli asipoteze kitu.

Mungu amlipe nesi yule. Na Bi Esha, aliyesema wakati mimi mwana wa kuzaa nilikuwa naapa kwa nisilolijua, sina cha kumlipa.

Wenye wazazi wa presha, sukari na mengine kwa pamoja, mnafanyaje huko kwenu? Nipeni maarifa. Na kabla hujaandika, mpigie mzee wako kwanza, umuulize vidonge vyake vimebaki vingapi.