Mlo Mmoja Hoteli ya Zilipendwa

Mzee Stanislaus alikalia kiti cha sofa chenye kitambaa cha kufuma, na hakutulia hata kidogo. Mara akunje miguu, mara ainyooshe, mara achungulie dirishani. Mkewe Pelagia, aliyevaa vitenge vyake vya Pasaka, alimtazama mpaka akachoka.

"Baba Ildefonsi, una siafu kwenye suruali?"

"Nipo. Nipo tu."

Yupo wapi! Mwili ulikuwa hotelini, roho iko uwanjani.

Kwa miaka ishirini na miwili kazi ya mtu huyu ilikuwa kufukuza ng'ombe kwenye uwanja wa ndege wa Kibondo. Usicheke. Uwanja ulikuwa ukanda wa changarawe wenye nyasi tamu pembeni, na ng'ombe wa mji mzima walilijua hilo. Ndege ikisikika, Stanislaus anaacha alichoshika, anakimbia, anapuliza pembe yake, na ng'ombe wanajitoa wenyewe bila haraka, kama akina mama wanaotoka kanisani. Zamani ndege ilikuja mara moja kwa wiki. Wakimbizi wa Burundi walipoanza kumiminika mwaka tisini na tatu, ikawa asubuhi ndege, mchana ndege. Halafu mwaka huu wa tisini na saba uwanja ukazungushiwa seng'enge, ukawekwa geti na mlinzi mwenye filimbi. Stanislaus akapewa baiskeli na asante sana, akarudi nyumbani kukaa. Kukaa kwenyewe hakukuwezekana.

Hapo ndipo alipotokea Hilali, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye maneno ya asali. Alikuwa amejenga hoteli ya kifahari kando ya uwanja, kwa ajili ya wageni wa ndege, akaiita Zilipendwa. Kila kitu humo kilikuwa cha zamani: gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, redio ya mbao kubwa kama sanduku la nguo, pasi za mkaa zimepangwa juu ya kabati. Zamani, lakini maji ya moto yanatoka ukutani! Hilali aliitaka ile pembe aitundike kwenye chumba cha kulia.

"Nipe pembe, mzee wangu, nami nitakukaribisha siku mbili na mama, mle mlale kama mabalozi."

Stanislaus angekataa katakata. Aliyekubali ni Pelagia, na alikuwa na sharti lake.

"Siku ya kipaimara ya Ildefonsi uliniacha na sahani," alimwambia mumewe. "Wakwe walipokuja, uliniacha na wakwe. Sijawahi kula na wewe mlo ukaisha. Nataka mmoja tu, mpaka tunawe mikono pamoja. Niahidi."

Akaahidi.

Sasa mchana ulifika, wakaketi mezani. Mwamvua, mpishi wa Hilali, alileta wali, kuku wa kuchoma na mchuzi uliojaza chumba kizima harufu ya binzari. Stanislaus hakuona chakula. Aliona ukuta. Pembe yake ilining'inia kwenye msumari, na chini yake kikaratasi: Pembe ya kufukuzia ng'ombe. Ya kale.

"Ya kale!" alifoka. "Nimeipuliza Januari hii!"

"Kula, Baba Ildefonsi."

Alitia tonge la kwanza. La pili. La tatu likaishia njiani, kwa sababu alisikia, mbali upande wa Kakonko, mngurumo.

"Stanislaus," Pelagia alisema. Hakumwita hivyo ila akikasirika. "Kuna seng'enge. Kuna mlinzi."

"Mlinzi wa Kigoma mjini, anajua nini kuhusu ng'ombe?"

Na huyo! Alichomoa pembe msumarini, akatoka mbio na mikono yake ya mchuzi.

Alipofika getini, limefungwa. Uwanja mweupe, hakuna hata mbuzi. Mlinzi alisimama wima na filimbi yake, akamwambia, "Shikamoo mzee. Umepotelewa na nini?"

Ndege ikatua vizuri kabisa bila yeye. Ng'ombe walikuwa nje ya waya, wanakula nyasi zao. Stanislaus akapuliza pembe hata hivyo, mara moja, kwa nguvu zote. Wakainua vichwa, wakaanza kujitoa taratibu, ingawa hawakuwa wamemzuia mtu. Kutoka baraza ya hoteli wageni wawili walimpiga picha, wanacheka kwa furaha. Walidhani ni sehemu ya maonyesho ya Hilali. Aliona aibu, akaona na uchungu, machozi yakamlengalenga papo hapo mbele ya mlinzi.

Alirudi, akatundika pembe msumarini kwa mkono wake mwenyewe. Pelagia alikuwa palepale, sahani yake haijaguswa.

"Hata leo," alisema.

"Hata leo. Nisamehe, mama."

"Ng'ombe walikuwepo uwanjani?"

"Hawakuwepo."

Pelagia alivuta pumzi ndefu. Alimwita Mwamvua apashe chakula moto, kikaletwa, wakaanza upya. Katikati ya kula, mkono wa Pelagia ukasimama kidogo juu ya sahani, macho yakaenda dirishani, yakarudi.

"Kuna nini?" Stanislaus aliuliza.

"Hakuna. Kula."

Akala tonge. Akala jingine. La tatu alipolimega, naye akaisikia: ndege ya pili, bado mbali. Akamtazama mkewe usoni.

"Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako, miaka yote hiyo. Nilikuwa nanyamaza, upate matonge mawili matatu."

Mngurumo ulikuja ukapita juu ya paa, vikombe vikatetemeka kabatini. Miguu yake ilicheza chini ya meza, akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto mpaka vidole vikauma. Kwa mkono wa kulia alikula. Alikula mpaka sahani ikabaki mifupa.

"Mwamvua, mwanangu," Pelagia aliita, "tuletee maji ya kunawa. Sisi wawili."