Mzee Okanya na Miguu ya Watoto

Okanya alikuwa na watoto saba na wote walikuwa hai, jambo ambalo pale kijijini kwetu Mella, enzi zile za wakoloni, lilitosha kumfanya mtu ashukiwe. Nyumba nyingine zilikuwa zimezika nusu ya watoto wao. Basi wanaume walikuwa wakimjia jioni, mmoja mmoja, kuku kwapani, kumwomba awaonyeshe mzizi anaoutumia. Mimi Obbo nilikuwa jirani yake, ua wake na wangu zimegusana, na naapa hakuwa na mzizi wowote. Alikuwa na pini.

Kila jioni kabla ya chakula watoto wake walikaa kwenye gogo nje ya jiko, miguu wameinyoosha, naye akapita akiinama kwa kila mmoja. Kidole chenye funza kilichokolewa kwa pini palepale na kupakwa mafuta ya taa. Kisha alitazama nyuma ya masikio na kunusa midomo. Asubuhi, mniwie radhi, alikwenda kukagua walichokiacha huko vichakani, aone kama kina minyoo. Mwanaume mzima, mwenye shamba la pamba na maksai wa kulimia! Mimi nina kinyaa cha kuzaliwa nacho; nikiona kamasi kwenye ukingo wa kikombe, chai sinywi tena mpaka kesho yake. Jioni zile nilikuwa nikigeuza kiti changu kikatazama upande wa pili.

Wale waliokuja kuomba mzizi aliwaambia yote aliyoyajua. Mwoshe mtoto miguu wewe mwenyewe, usimwulize kama ameosha. Sakafu ikandike kwa mavi ya ng'ombe mara kwa mara, maana funza hupenda vumbi. Mbuzi walale kwao na watoto kwao. Usimchape mtoto ukiwa na njaa. Kula kwanza, halafu utazame kama kosa lake bado lipo. Na mtoto mtundu akinyamaza ghafla, mguse shingo: ama ana homa, ama ameimaliza sukari. Wanaume walimsikiliza wakikunja pua. Walisema hizo ni kazi za wanawake, wakaondoka na kuku wao, wakiamini kwamba mzee mchoyo amewaficha dawa. Usione vyaelea, vimeundwa, lakini wenzetu hawa walitaka vielee tu bila kuundwa na mtu. Walinichukiza kuliko hata hao funza.

Binti yake mkubwa, Aguti, aliolewa Tororo na kijana aitwaye Oluka, karani wa stoo huko kilikokuwa kikijengwa kiwanda cha saruji. Oluka alikuwa na viatu vyeusi alivyovisugua mpaka ukaona ndevu zako ndani yake. Alikuwa pia na Kiswahili, akakitumia hata kwa mkwewe ingawa wote wawili ni Wateso, kwa kuwa mjini hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya watu wa mshahara. Okanya alimjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kuona haya.

Aguti alipojifungua mtoto wa pili, Okanya aliniomba nimsindikize kumpelekea nafaka ya wimbi ya kupikia uji. Mtu haendi kwa wakwe peke yake. Tulikaribishwa viti uani, kama ilivyo heshima, kwa sababu baba mkwe haingii ndani ya nyumba ya binti yake. Aguti mwenyewe alikuwa amelala ndani kwa homa ya uzazi. Mtoto wake wa kwanza, Asekenye, msichana mdogo ambaye maneno yalikuwa ndiyo kwanza yamemnyooka, alitoka jikoni kutusalimu. Alikuja akijikokota kwa makalio.

Nilidhani anacheza. Alipofika karibu niliona miguu. Funza walikuwa wamejipanga vidoleni kama punje kwenye gunzi, na baina yao usaha, na juu ya usaha nzi. Tangu mama yake augue alikuwa akilala jikoni, vumbini, pamoja na mbuzi na bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa haoni. Niliinuka nikaenda kutapika nyuma ya ghala, na sioni aibu kusema.

Okanya alimpakata mjukuu wake, akaomba maji ya moto, chumvi na mafuta ya taa, akachomoa pini kwenye ukosi wa shati. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Oluka alisimama mbali, leso puani, akichunga viatu vyake visirukiwe na maji. Hapo kinyaa changu kilihama kwenye miguu ya mtoto kikamwendea baba yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, tunajua, lakini huyu hakuwa mwenzake, alikuwa mtoto wake wa kumzaa.

Okanya hakumtukana, maana mkwe hamtukani mkwe. Alimweleza taratibu kwamba vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeanza kuoza, na kwamba vikiachwa mtoto ataupoteza mguu, pengine na uhai. Aoshwe kila jioni, vidonda viachwe wazi vipate hewa, alale kitandani, jiko likandikwe. Kisha akaomba amchukue mtoto Mella mpaka mama yake apone. Oluka alikataa. Alisema watu watacheka kwamba mshahara wake haumtoshi kulea mtoto mmoja. Kumchukua kwa nguvu kungekuwa kuivunja nyumba ya Aguti, na Okanya alilijua hilo, basi akamwachia Oluka ile pini, akarudia maagizo yote tangu mwanzo. Kwa kila agizo Oluka aliitikia, "Ndiyo, baba." Ndiyo-baba zile zilininukia vibaya, na njiani nikamwambia Okanya hivyo.

Baada ya wiki kadhaa tuliitwa kwenye ubatizo wa kichanga. Ua ulijaa watu: makarani wenzake Oluka, majirani, katekista na biblia yake, na chungu cha pombe katikati na mirija yake mirefu. Asekenye alikuwa ameketishwa kwenye kiti mahali ambapo kila mgeni angemwona, amevaa gauni jipya, soksi, na viatu vyeupe vya ngozi kutoka duka la Mhindi. Watu walimpongeza Oluka. Karani mmoja alisema huo ndio ulezi wa kisasa. Uzuri wa mkakasi, nilijisemea, kwa sababu nyama ilipoletwa watoto wote waliikimbilia isipokuwa yeye.

Halafu upepo ukageuka. Ile harufu naijua, ni ya panya aliyekufia ghalani. Okanya alikuwa ameshika mrija. Aliuachia, akaenda akapiga magoti mbele ya mtoto, akafungua vishikizo vya kiatu cha kushoto. Soksi ilikuwa imegandamana na nyama. Ilipotoka, ilitoka na kidole.

Hakuna aliyeendelea kunywa. Okanya alimtazama binti yake, aliyekaa mkekani na kichanga, bado amekonda kwa ugonjwa. Aguti alisema kwa sauti ndogo, "Baba yake alisema wageni wasione."

Oluka alikuja mbio, kwa hasira au kwa haya sijui.

"Baba, mimi nanunua yeye viatu," alisema. "Hakuna mtoto ingine hapa iko na viatu. Unataka nini tena?"

"Hiyo viatu ulinunua ya macho yako," Okanya alimwambia. "Ya mguu yake, hukununua kitu."

Alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka, kama mwanamke, akapita katikati ya wageni. Mimi nikafuata. Tulikwenda kwanza zahanati, wakakata kilichobaki cha kukatwa, ndipo tukashika njia ya Mella. Wakwe walinuna. Ukoo wa Oluka ulisema mzee amewavua nguo mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza nikakubaliana nao.

Asekenye alikaa Mella. Mguu ulipona, vidole viwili pungufu, akarudi kukimbia kwa mwendo wake wa kuyumba. Jioni alikaa gogoni na wajomba zake, akamnyooshea babu miguu kabla hajaambiwa.

Oluka alikuja kila Jumapili kwa baiskeli, akileta sukari na mkate. Lazima niseme kweli: haya ilikuwa imemwingia, akakonda. Lakini kila mara mtoto aliposikia kengele ya baiskeli ile, alikimbia kuketi. Aliikunja miguu chini ya gauni, akaikalia, na kumsalimu baba yake hivyo. Oluka alichuchumaa mbele yake, akambembeleza amwonyeshe ilivyopona. Hakumwonyesha.