Bibi Mwalimu Avua Viatu Mlimani

Dodoma, Jumamosi jioni.

Rafiki zangu mliozunguka bwawa na wadogo leo, sisi wengine tulipopanda mlima, nitawaambia yote, hata aibu yangu.

Nilipanda mlima na viatu vya kanisani, kwa heshima ya Bibi Mwalimu wetu Mjerumani.

Kwenye mwamba nikateleza. Mara tatu!

"Jumamosi ijayo utabaki bwawani," akasema Bibi.

Nikalia.

Mbeleje, aliyekuwa akichunga mbuzi, akacheka. "Vua hivyo, dada! Huku kuna ibada gani?"

Nikavua, nikafika juu.

Kutazama chini, Bibi naye anateleza!

Akaketi, akafungua viatu, akapanda peku, nyayo nyeupe kama unga, akicheka kutushinda.

Jamani, nampenda!

"Jumamosi ijayo uje mlima mkubwa," akaniambia.

Nijibuni leo: nani atavua viatu tufuatane?