Nyota Juu ya Dirisha la Mama

Ukiona zile video za nyota zinazotembea juu ya mbuga na maziwa, utadhani aliyezipiga ni mtu huru, mtu wa begi na buti, anayelala anapotaka. Mimi zangu nilizipigia kwenye jiwe lililo nyuma ya jiko letu, Luchelele, kando ya ziwa, na sikuwahi kwenda mbali zaidi ya hapo kwa sababu nisingesikia kikombe.

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cha chai. Mama alipopooza upande wa kulia, maneno nayo yalimpotea. Akabaki na machache, yanayokuja moja moja, kwa shida. Kuita hakuweza. Basi nikamwekea kikombe na kijiko upande wake wa kushoto, akigonga naenda: kumgeuza, kumbadilisha, kumpa maji. Mchana alikigonga, usiku alikigonga. Dunia yangu iliishia pale sauti ya kikombe ilipoishia. Upande wa ziwani ilifika kwenye mawe ya kwanza tu, na upande wa barabarani haikuvuka uzio.

Mimi ndiye kitinda mimba, sina mume, na kwa watu wetu hayo yalitosha kuamua nani abaki na mama. Kaka yangu yuko Dar, dada yangu yuko Arusha. Kila nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba nimechoka, mmoja wao alinijibu kwamba Mungu atanilipa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikuwa nikipiga picha za harusi na kipaimara mjini, lakini kazi zile zikakatika moja baada ya nyingine, maana hakuna bibi harusi atakayemsubiri mtu ambaye mama yake anagonga kikombe. Kamera ikabaki kabatini, nami nikawa naitazama kwa hasira.

Ndipo nikaanza nyota. Nyota hazina haraka, wala hazikutaka nizifuate. Usiku usio na mwezi nilipanda jiweni, nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikaitegesha ijipigie picha moja baada ya nyingine hadi alfajiri, kisha nikashuka kulala. Asubuhi niliziunganisha picha hizo kwenye kompyuta, na usiku mzima ukapita kwa muda wa kunywa funda chache za chai: nyota zinamiminika kuelekea magharibi, na taa za wavuvi wa dagaa zinachezacheza ziwani kama watoto waliogoma kulala. Nilimwonyesha mama kwenye simu. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye kishada kimoja cha nyota akasema, "Kilimia." Neno hilo alitoka nalo kwenye mashamba ya pamba ya kwao, Magu. Nililia, kwa sababu nilidhani limeshampotea.

Video moja nikaipeleka kwa watengeneza filamu waliokuwa wakitafuta mpiga picha wa kwenda nao Serengeti, kiangazi chote, kupiga anga la usiku juu ya mbuga. Kiongozi wao akanijibu kwamba kazi yangu ni nzuri, ila kuna taa pale chini inawaka na kuzima, inaharibu. Nimpelekee nyingine iliyo safi kabla giza la mwezi ule halijaisha, nami nafasi nitaipata. Taa hiyo niliijua. Ilikuwa dirisha la chumba cha mama. Kila kikombe kilipolia niliwasha taa, nilipomaliza nikazima, na usiku wangu wote ukawa unaonekana pale chini ya nyota.

Kuigeuza kamera sikuweza. Upande mmoja kuna taa za ulinzi za jirani, upande mwingine jiwe kubwa limeziba anga, na ziwa lilionekana juu ya paa letu tu. Nikatundika blanketi dirishani. Mwanga ukatokea kwenye matundu ya hewa. Nikajaribu kumhudumia mama kwa tochi ya simu, lakini aliogopa uso wangu ulipopotea gizani, akanishika mkono na hakutaka kuuachia. Nikairudisha taa. Nilikuwa na hasira na balbu, na jirani, na ndugu zangu, na, niseme ukweli, na kikombe.

Nikaituma video ile ile kwenye kundi la familia, nikaeleza kwamba kuna nafasi ya Serengeti, naomba mmoja wao aje akae na mama. Dada akasema nikichukuliwa kweli, ataangalia uwezekano wa ruhusa kazini. Kaka akaandika: "Hongera, mdogo wangu. Ila hiyo balbu ni mbovu, badilisha."

Nilimsomea mama ujumbe huo kwa sauti, huku nikicheka kile kicheko cha kukasirika. Nikamwambia balbu mbovu ndiyo sisi wawili, na ndiyo inayoninyima Serengeti. Mama hakucheka. Aliomba simu kwa ishara, akaitazama video, akaitazama tena, na kila dirisha lilipowaka kidole chake kiligonga shuka.

Usiku wa mwisho wa giza nilipanda jiweni nikiwa nimeshakata tamaa. Nikategesha kamera kwa mazoea, nikarudi chumba cha pili, nikajilaza na nguo zangu nikisubiri kugongewa. Kilichoniamsha ni majogoo. Nilikuwa nimelala usiku kucha, jambo ambalo mwili wangu ulishalisahau. Nikakimbilia jiweni, si chumbani kwa mama. Nikazipitia picha pale pale kwenye kioo cha kamera, za mwanzo hadi za mwisho: ziwa, paa, nyota, na dirisha jeusi tii. Nilirukaruka peke yangu juu ya jiwe. Nilijiona tayari nimekaa kwenye gari la wazi katikati ya mbuga, hakuna wa kunigongea chochote.

Harufu ilinipokea mlangoni. Mama alikuwa macho, na yalikuwa macho ya mtu ambaye hakulala. Shuka lilikuwa limelowa hadi godoro, naye alikuwa kwenye ubavu ule ule niliomlazia jana yake jioni, ngozi ya nyonga imekuwa nyekundu. Kijiko kilikuwa mkononi mwake wa kushoto. Alikuwa amekizungushia upindo wa kitenge chake, tabaka juu ya tabaka, kisije kikagusa kikombe kwa bahati mbaya.

Alinitazama, akahangaika na midomo mpaka neno likatoka.

"Imetoka?"

"Imetoka, mama."

Akafumba macho, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Nilimwogesha nikilia, naye akawa ananifuta machozi kwa mkono wake mmoja.

Video niliipeleka, kwa sababu ilikuwa yake, na wakaikubali siku hiyo hiyo. Nilipomwarifu dada, naye akaandika kwamba ruhusa amepata, niende tu. Nikakaa kizingitini na simu mkononi. Kama kwangu mimi, mtoto anayemwosha kila siku, mama aliuma meno hadi majogoo, kwa dada, anayekuja kwa ruhusa kama mgeni, kikombe kisingelia hata usiku mmoja. Nikawaandikia wale wa filamu kwamba siji. Dada nilimwambia nafasi imepata mtu mwingine.

Mama huniuliza mara kwa mara, "Lini?" Namjibu kwamba wameahirisha. Kikombe bado anakigonga, lakini kwa upole, ananihurumia, na usiku mwingine hakigongi kabisa. Zamani niliamka kilipolia. Siku hizi kikinyamaza ndipo ninapoamka, naenda kuwasha taa.