Nafasi Niliyoiacha Wazi

Wiki iliyopita binti yangu alizipata jezi zangu kwenye sanduku la chini ya kitanda, hapa nyumbani Stechford, Uingereza, akazitandaza sebuleni. Nambari moja, mbili, tatu, nne, sita.

"Which one was yours, Dad?"

Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hujibu kwa lugha ya shuleni. Nikamwambia zote zilikuwa zangu. Akanitazama kama mtu anayedanganywa.

Sikumdanganya. Nilicheza raga, ile ya watu kumi na watatu, kwa miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kuwa na nafasi moja. Winga akiumia, niite mimi. Senta akifungiwa, niite mimi. Beki wa mwisho, yule anayesimama peke yake nyuma kudaka mipira ya juu, akikosekana, niite mimi. Mchezaji wa namna hiyo huitwa kiraka, na jina hilo nililipenda mno. Siku za wiki niliwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, wikendi nikakimbia. Timu ya taifa ya Kenya iliponiita, Mama alitangaza kanisani, na mimi nikaamini sina mfano wangu duniani.

Mama alipofariki nilikuwa dukani Ladypool Road nanunua unga. Dada yangu alinipigia akilia. Kwetu hatukimbilii kuzika. Tunawangoja watoto walio mbali. Tena mimi ni kifungua mimba, na kifungua mimba ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini.

"Wazee wa ukoo wamepanga Jumamosi ya wiki ijayo," dada alisema. "Utafika, kaka?"

Jumamosi hiyohiyo timu ya taifa ilikuwa na mechi hukuhuku Uingereza. Niliomba wasogeze mbele wiki moja. Wazee walinung'unika, lakini wakakubali.

Tukashinda. Ushindi ukatuletea mechi nyingine, Jumamosi iliyofuata, siku ileile ya mazishi. Tiketi ya ndege nilikwisha kukata. Kocha alinikuta nikifunga begi, akaniambia beki wa mwisho amevunjika kidole na hana mtu mwingine. Mtu alikuwa naye. Nadhani hata siku ile nililijua hilo, lakini sifa ni kitu kitamu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa wiki hiyohiyo.

Sikuthubutu kuomba mazishi yasogezwe mara ya pili. Nilimpigia dada, nikamwambia wazike.

"Na udongo, kaka? Nani atatupa?"

Nikamtaja binamu yetu. Nilimpanga kama vile kocha alivyozoea kunipanga mimi.

Mazishi niliyaona kwenye simu, nimeketi chumba cha kubadilishia nguo na bandeji miguuni. Picha ilikuwa ikikwamakwama. Mwongozaji wa mazishi akasema mtoto wa kwanza aje mbele, binamu akapita ameinamisha kichwa, akachota. Nilisikia udongo ukigonga jeneza. Kisha tukaitwa uwanjani. Tulifungwa vibaya, na mpira mmoja wa juu uliniponyoka mikononi, lakini huo haujawahi kuniuma.

Nilifika nyumbani Kenya baada ya miezi mitatu. Dada alinichinjia kuku, akanitengea maji ya kuoga, akanikalisha kwenye kiti cha wageni. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Asubuhi nilikwenda kaburini peke yangu. Njiani nilipita kwenye shamba la Mama la kunde, nikachota udongo kiganja kimoja. Kufika, nikakuta kaburi limejengewa saruji na kupigwa vigae pande zote. Nililizunguka nikitafuta hata ufa. Hakukuwa na ufa. Nilisimama pale na ngumi yangu mpaka udongo ukalowa jasho, kisha nikarudi shambani, nikaumwaga kwenye kunde, palepale nilipouchota.