Tulivyopandisha Jiko la Hema Juu ya Dareda

"Dampa ni nini?" Mjomba aliniuliza uani kwetu Bagara, pale Babati, huku ameshika kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa sita. Mimi, niliyekuwa nimemaliza Chuo Kikuu miezi minne tu iliyopita, sikuwa na jibu. Lakini mwenye digrii akisema "sijui" mbele ya mama yake, ukoo mzima utataka kujua kule chuoni alikwenda kufanya nini. Nikamwambia neno hilo tutalielewa hukohuko.

Hukohuko palikuwa juu ya Dareda, kwenye ukingo wa msitu, ambako asubuhi za Julai ng'ombe hutoa moshi puani kama wazee wenye kiko. Mjomba Tluway, mdogo wake Mama, alikuwa ameosha masufuria katika kambi za wawindaji kwa misimu tisa. Wageni wa msimu uliopita walikuwa wamelalamika kwamba baridi ya huko haivumiliki, kwa hiyo ofisi iliyowapokea ikatoa stoo jiko moja la bati, la kuni, lenye bomba la kutolea moshi, lililotengenezwa kuwekwa ndani ya hema. Ikamkabidhi Mjomba. Mgeni wa kwanza, Mswidi, angefika Ijumaa. Akilala vizuri, Mjomba angekuwa mkuu wa kambi, ajira ya kudumu. Akilalamika, angeletwa mtu kutoka Arusha, na Mjomba angerudi kwenye masufuria, au nyumbani kwa wanawe watano na shamba ambalo mwaka ule lilikuwa limetoa mabua tu.

Mimi nilichukuliwa nisome kijitabu. Mama aliona faida nyingine pia. Nilikuwa nikisubiri kupangiwa kazi, na kwenye foleni ya sabuni nilikuwa nimemuuliza mwenye duka, mbele za watu, kwa nini sabuni huisha kila mara kabla ya mtu wa kumi.

"Nenda ukaulize maswali yako msituni," Mama alisema. "Miti haishtaki."

Jumanne alfajiri tulipanda lori lililokuwa likienda Dareda kuchukua maharage. Dereva alikuwa na petroli ya kwenda tu. Ya kurudi alikuwa akiiombea. Mjomba alivaa katambuga za tairi. Mimi nilivaa viatu vyangu vya chuo, ambavyo heshima yake ilikuwa imebaki upande wa juu. Njiani tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliofungwa kwenye jani la mgomba, na Mjomba akanishauri niule bila kuuhoji.

Dareda, shemeji yake Mjomba alituazima punda. Tulimfunga jiko ubavu mmoja na vipande vya bomba ubavu wa pili, akaonekana kama kiwanda kidogo kinachohama. Tukaanza kupanda ukuta wa bonde.

Katikati ya mlima, kwenye kona, mgambo mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe. Aliinuka alipomwona punda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtambo huo unaupeleka wapi?"

"Si mtambo. Ni jiko."

"Jiko lenye bomba?"

"La kutolea moshi."

"Gongo nayo hutoka kwenye bomba, mzee."

Mjomba alicheka. "Gongo inataka bomba jembamba, na lipite kwenye maji ya baridi. Kwa bomba hili ungemwaga yote."

Mgambo alimtazama kwa utulivu. "Kumbe unajua vizuri."

Nikaona jiko linaelekea kituoni, na ajira ya Mjomba nyuma yake. Nikatoa kijitabu haraka na kumwonyesha mgambo picha ya hema lenye bomba linalotoa moshi. Aliigeuza juu chini, akairudisha.

"Moto ndani ya nyumba ya turubai. Analala nani humo?"

"Mzungu."

"Ah. Ungesema mapema." Hata hivyo alitaka uhakika, akaingiza pua ndani ya bomba na kunusa. Lilikuwa limewahi kutumika. Tulimshukuru, tukaondoka bila kumwambia lolote kuhusu pua yake.

Jumatano mchana tulikuwa kambini. Hema lilikuwa limeshasimikwa na watu wa ofisi, la turubai nene, na tundu lenye ukingo wa bati kwa ajili ya bomba. Tuliunganisha vipande, tukakaza, tukatazama. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba Mjomba aliizunguka mara mbili. Kisha akaniambia nisome.

"Kinasema: kabla ya kuwasha, hakikisha dampa iko wazi."

"Ndiyo hiyo dampa. Iko wapi?"

Nilifikiri kama nilivyofundishwa kufikiri. Neno la Kiingereza la unyevu linafanana sana na dampa. Hewa ya mlimani ni kavu. Basi dampa ni chombo cha kuongeza unyevu, na kuwa wazi maana yake kisifunikwe. Nilimweleza Mjomba hayo yote kwa mpangilio. Akaenda akaleta beseni, akalijaza maji, akaliweka juu ya jiko, na kwa heshima kabisa akaondoa kifuniko.

"Na haka kamkono kanakotoka kwenye bomba?"

"Ka kutundikia nguo zilizolowa," nilisema.

Akatundika soksi zake za sufu, alizoachiwa na mwindaji wa zamani, akawasha.

Haikuchukua muda tukawa nje, tunakohoa, macho yanatiririka. Nilikuwa na maelezo. Kuni zilikuwa mbichi, tukaleta kavu. Upepo ulikuwa unarudisha moshi. Tukageuza kichwa cha bomba. Hewa ya juu ni nyepesi na moto unakosa nguvu. Hilo halikuwa na dawa, lakini nililieleza kirefu. Kufikia Alhamisi asubuhi tulikuwa tumewasha mara nne na kukimbia mara nne. Mjomba hakunilaumu. Alikaa juu ya gogo akilitazama hema likivuja moshi kwenye kila mshono, akisema tu, "Kesho wanafika," si kwangu. Hapo ndipo nilipoacha kuyapenda maelezo yangu.

Alhamisi adhuhuri manyunyu yalianza, baridi ikaingia mifupani, na Mjomba akazitaka soksi zake. Aliingia amefumba macho, akaishika moja, akaivuta. Ilikuwa imenasa. Akaivuta kwa hasira, na kamkono kakageuka pamoja nayo.

Jiko likavuta pumzi. Siwezi kulisema vingine. Moshi uligeuka mlangoni mwa jiko ukarudi ndani, ukapanda bombani, na miali ikaanza kunguruma. Mjomba alikageuza kamkono kama kalivyokuwa: moshi. Akakageuza tena: hakuna moshi. Alifanya hivyo mara tano, taratibu, kama anayefungua redio.

"Paskalina," akasema, "soma tena kijitabu. Kinasema nini kuhusu soksi?"

Nilisoma upya, kwa haki kabisa, na sikuona popote habari za kamkono.

"Basi dampa yako iache hapohapo," alisema. "Maji ya moto hayajawahi kumkosea mtu."

Jioni ile aligundua mwenyewe kwamba kamkono kakigeuzwa nusu, gogo moja la mzeituni-mwitu, nene kama paja, hukesha mpaka asubuhi. Kijitabu kilisema pia tusizibe hema lote, tuache dirisha wazi kiasi cha kiganja. Nikauliza maana ya kupasha joto huku unakaribisha baridi. Mjomba aliacha dirisha wazi. Alikuwa anakiamini kijitabu kuliko msomaji wake.

Ijumaa jioni Landrova ilifika na ofisa wa wageni pamoja na Mswidi, mtu mrefu, mpole, mwenye ndevu nyeupe. Aliingia hemani akiwa ameinama, akapashia mikono, akaona beseni. Akaniuliza kwa Kiingereza lile ni la nini.

"Ni dampa," nilijibu, kwa uhakika ambao sasa naukumbuka nikiwa peke yangu na bado naona haya.

Akalitazama beseni. Akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mkono kwa adabu, akagusa kale kamkono ka kutundikia soksi. "Dampa," akasema.

"Amesemaje?" Mjomba akauliza.

"Amelisifu jiko."

"Mbona ameshika ka soksi?"

Jumamosi asubuhi tulimkuta mgeni nje anajinyoa kwa maji ya beseni, uso umemwiva. Ofisa alimuuliza amelalaje. Akajibu kwamba amelala vizuri sana, na kwamba mtu huyu, akimwonyesha Mjomba kwa wembe, asiondolewe hapa.

"Umesikia, Mzee Tluway," ofisa alisema. "Kambi ni yako."

Mjomba aliitikia, "Ahsante, bwana." Akaenda kumfungua punda, akamfunga tena palepale.

Jumapili nilishuka peke yangu na punda. Kwenye kona ya mlima mgambo aliniuliza, "Mzungu aliamka?" Nikamwambia aliamka. Njia yote hadi Babati niliwaza kwamba nilikuwa nimezoea kuhoji majibu ya kila mtu, wenye maduka, walimu, mapadri, isipokuwa yangu. Nilipofika nyumbani Mama aliniuliza kama kijitabu kilisaidia. Nikasema, "Sijui," kwa sauti ndogo, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza.

Miaka mingi baadaye, Mjomba akiwa ameshastaafu ukuu wa kambi, nilimkuta yule ofisa wa wageni kijijini Singe, mzee sasa, akipalilia mahindi. Nikamkumbusha jiko lililompa Mjomba kazi. Akaegemea jembe. Mswidi, aliniambia, hakulala hemani usiku ule. Kwa mtu wa theluji, baridi yetu ilikuwa kama kiangazi cha kwao, na joto la jiko lilimshinda. Akaona aibu kusema, akachukua blanketi akajinyoosha ndani ya Landrova. Akiwa humo alimwona Mjomba akitoka mara tatu, peku, akiweka kiganja juu ya turubai kupima kama mgeni wake bado ana joto, kisha akirudi kulala kimyakimya.